Kiti cha Bwana Kesho

Katika maneno yote ambayo binadamu amejaliwa kuyasema, shemeji yangu alilichukia moja tu: nzuri. Si tusi, si uchuro, na wala hakumchukia anayelisema. Lakini ukiingia karakana yake Jumapili asubuhi, akakuuliza, "Habari yako?" nawe ukajibu "Nzuri" kama mtu yeyote mwenye adabu zake, anavuta kiti, anakaa mbele yako magoti kwa magoti, anakutazama. "Haya," anasema. "Tunakaa." Na mtakaa hapo mpaka useme kitu kingine.

Mwanzoni niliona huo ni ukorofi. Mtu kaulizwa habari, kajibu, sasa unamtaka nini zaidi? Nikamwambia hivyo, maana ulimi wangu na mkasi wangu vilinolewa siku moja.

"Shemeji," akanijibu, "habari ni nini? Si taarifa? Mimi nimeomba taarifa, mtu ananipa sifa."

"Ndivyo watu wanavyosalimiana."

"Najua. Nyumba yake inaungua, anasema nzuri kwanza, ndipo anaomba ndoo."

Nilicheka kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kupigiwa simu na shangazi yangu, tukaulizana habari, nzuri, za watoto, nzuri, za huko kwenu, nzuri tu, ila baba yako mdogo amefariki.

Shemeji yangu huyu alikuwa fundi sofa, na watu walimwita Springi. Wateja walidhani jina limetokana na kazi. Wapi! Alilipata enzi zake za ulevi. Jioni alikuwa anaangukia mtaroni, majirani wanasema leo basi, huyu hainuki, na asubuhi wanamkuta amesimama wima mlangoni kwa mtu anaomba maji ya kunawa. Alikunywa ujana wake wote, akanywa vifaa vya kazi kimoja kimoja, mwisho akainywa na ndoa yake. Nilipoolewa na mdogo wake niliambiwa tu kwamba kaka mtu yupo, ila tusimhesabu.

Aliyemtoa huko hakuwa mganga wala mhubiri. Alikuwa dereva wa lori, mlevi mwenzake wa zamani aliyekuwa ameacha kabla yake. Dereva alimkuta Springi amejifungia chumbani, anatetemeka, shati limejaa matapishi. Hakumpa mawaidha. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikaa hapo mchana kutwa, kesho yake akarudi kukaa tena. Springi alipofumbua macho vizuri, Dereva akamuuliza, "Habari yako?" Na Springi, meno yakigongana, akajibu, "Nzuri." Dereva alicheka mpaka akatoa machozi, na Springi naye akacheka, akalia, akasema habari zake za kweli kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima. Kila kitu kilianzia kwenye ndoo ile.

Springi alirudi kwenye ufundi, akapanga karakana yenye vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha mbao, springi, sponji, gundi na vanishi. Cha mbele alinipa mimi niweke cherehani yangu, nikawa nashona makava na foronya za viti anavyovitengeneza. Jumapili hakufanya kazi, alipokea wenzake waliotoka kwenye ulevi kama yeye. Jumamosi jioni alifunga makopo yote ya gundi, akayatoa nje na kufungua madirisha, kwa sababu Kinyozi, mmoja wao, alianzia kwenye kunusa gundi akiwa kijana, na harufu ile ilikuwa bado inamwita kwa jina. Asubuhi walikuja Dereva, Kinyozi, na Mama Nesi, ambaye alikuwa mwuguzi kweli hadi siku vidonge vya maumivu vya wagonjwa vilipoanza kuishia kwake. Walikuja na wengine, wakaenda, wakarudi. Hakukuwa na kibao mlangoni wala mwenyekiti. Walikalia viti vya wateja, chochote kilichokuwepo wiki hiyo, kingine hakina mgongo, kingine springi zimetoka nje, wakaulizana habari.

Neno lao lilikuwa "kukaa". Hawakusema fulani ameacha. "Kuacha ni maneno ya Jumatatu," Springi alisema. Walisema fulani anakaa, au fulani hakai. Mtu akianguka hawakumgombeza, walimwendea nyumbani, wakakaa naye. Na hawakuhesabu siku, ati siku si kondoo kwamba zitapotea usipozihesabu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia lililotenganisha vyumba viwili, na cherehani yangu, nikiwasikia, nikijiambia kwamba hawa watu kazi yao ni kukaa tu. Wenzao wanakufa huko nje, wao wanakaa. Nilitamani mara nyingi kuingia na fagio.

Kulikuwa na kiti kimoja ambacho hakikuondoka. Kilikuwa kiti kikubwa cha mgongo mrefu, velveti ya rangi ya kahawia, kimeshonwa na kupakwa vanishi, kimekamilika. Mwenyewe kila akipita barabarani alichungulia na kusema, "Fundi, nitakuja kukichukua kesho." Tukambatiza Bwana Kesho. Kwa kuwa ndicho kilichokuwa laini kuliko vyote, alikikalia mgeni. Springi alimwambia kila mgeni maneno yaleyale: "Karibu ukalie kiti cha ukoo. Sisi sote hapa tulikuwa tunaacha kesho."

Mume wangu naye akaja kukikalia.

Mume wangu alikuwa mnadi wa nguo sokoni, na walimwita Redio. Alikuwa na sauti, jamani. Angeweza kuuza soksi moja, na mnunuzi akashukuru. Mimi mwenyewe aliniuzia maneno nikanunua bila kupunguziwa. Alikuwa anakunywa kama wanaume wengine, halafu kidogo zaidi ya wengine, halafu hakukuwa tena na wa kumlinganisha naye. Springi alishajaribu kumsaidia huko nyuma, kwa njia ya kaka: kumfungia ndani, kumnyang'anya viatu, siku moja hata kumzaba vibao. Haikufaa kitu. Redio alizidi kujificha tu.

Kisha tumbo likamvimba, macho yakawa ya njano. Daktari hakuzungusha. "Ini limebaki kidogo," akamwambia mbele yangu. "Kidogo hicho ukikitunza utaishi. Ukirudia pombe, hata kidogo, usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa seremala."

Tulitoka pale tumeshikana mikono, kitu ambacho hatujawahi kufanya barabarani. Redio akasema, "Nipeleke kwa kaka."

Springi alimpokea kama mtu aliyekuwa amemwandalia nafasi. Kazi alimpa, kupiga msasa miguu ya viti na kuipaka vanishi. Jumapili alimpa kiti cha Bwana Kesho. Lakini alimwambia jambo moja, nami nikalisikia kupitia pazia: "Hapa ndani mimi si mtu wako. Damu haikalii damu. Dereva ndiye atakayekuuliza habari, mimi nitanyamaza."

Nilimshika baadaye uani. "Sheria gani hiyo, shemeji? Damu nzito kuliko maji, wewe unaiweka kando?"

"Nilishaijaribu damu," akasema. "Kaka anageuka polisi, mdogo anageuka mwizi. Kila mtu anaifanya kazi yake vizuri, na pombe inaendelea."

Sheria ile sikuipenda.

Jumapili ya kwanza Dereva alimuuliza, "Habari yako?" Redio akasema nzuri, kwa mazoea. Viti vikakwaruza sakafu, wote wakamsogelea. Haya, tunakaa. Na mume wangu, mwenye maneno ya kuuzia soko zima, alikosa neno hata moja. Nilisikia kilio chake. Nilikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu ili nisikisikie, nikashona kava zima upande wa ndani nje, nikalifumua jioni.

Baada ya hapo alijua njia. Na alivyoijua! Hakusema tena nzuri. Alisema, "Mbaya. Leo nimeamka na kiu ambayo maji hayaijui. Nimezunguka mtaa mzima ili nisipite kwenye dirisha lile wanalouzia pombe, na miguu imeninunia njia nzima. Lakini nimefika. Nimekaa." Mama Nesi alikuwa akifuta machozi. Kinyozi alisema laiti angekuwa na kipaji kama hicho, angekuwa mchungaji. Wapya waliokuwa wanakuja kwa kusitasita walirudi kwa sababu ya Redio, wamsikilize. Na mimi nyuma ya pazia, nisiseme uongo, nilivimba kichwa. Huyo ni wangu, nilisema moyoni. Hakai tu, anakaa kwa ufasaha.

Alipendezwa sana na kiti kile. Wageni wengine walipokuja alisema wakae kwenye sofa, yeye na kiti chake wamezoeana. Tukamtania kwamba Bwana Kesho akija atalazimika kuwabeba wote wawili.

Ni Springi peke yake ambaye hakuwa na furaha. Siku moja tukiwa uani, yeye anakung'uta vumbi la sponji kwenye nguo, mimi naanika makava, akasema, "Anasema vizuri mno."

"Si ndicho mnachotaka hapo? Watu waseme?"

"Mtu anayeumwa jino hapangi maneno, shemeji."

"Basi mwambie!"

"Siwezi kumwambia."

"Sheria mmeitunga wenyewe. Ivunjeni wenyewe!"

Akaendelea kukung'uta shati ambalo lilikuwa limeshakwisha vumbi. Ila alimnong'oneza Dereva, na Jumapili iliyofuata Dereva akambana Redio kidogo, akamuuliza kama kweli anakaa. Redio akamtazama tu, machozi yakamtoka. "Hata wewe?" akasema. Dereva akaomba radhi mbele ya wote, na Springi akaomba radhi bila kusema kitu, kwa kumpelekea chai. Wangefanya nini? Huwezi kumpasua mtu kifua uchungulie. Hata daktari hapasui bila saini.

Na mimi nilikuwa nanusa. Msinione mjinga. Mke wa mlevi ana pua ya paka. Kila jioni nilimnusa alipokuwa akivua shati, nikinusa shingoni, mdomoni, mikononi. Alinuka vanishi, tina ya kuizimulia na jasho. Alinuka kazi. Nililala usingizi.

Halafu macho yakaanza tena kuwa ya njano. Miguu ikamvimba hata ndala hazikuingia. Tukarudi hospitali, na daktari yuleyule akamuuliza, "Umekunywa?"

"Hata tone," Redio akasema.

Daktari akanigeukia. Nikamwapia. Nilimwambia mume wangu anakaa, na kuna watu wanaomsikiliza kila Jumapili, akawaulize. Daktari akatikisa kichwa, akasema basi labda ini lenyewe lilikuwa limeshachoka, wakati mwingine huwa hivyo. Wakamlaza.

Sijawahi kuona watu wanakaa kama walivyokaa wale. Walipokezana pembeni ya kitanda kila muda wa kuona wagonjwa. Mama Nesi alimgeuza na kumnyoosha mashuka kwa mikono iliyokuwa bado inakumbuka kazi. Kinyozi alimnyoa, akamwambia, "Kinyozi hajinyoi, lakini leo nimekunyoa wewe na mimi nimejisikia msafi." Dereva aliegesha lori lake mbali, akaja na vumbi la safari. Springi alikuja kila siku. Wote hawakuwa na dawa. Hawakuwa na hata neno moja la maana la kusema, na nilipowatazama nikaona wanajua hivyo, na hawaondoki. Sauti ya mume wangu ilikuwa imekwisha. Redio ile ilikuwa imebakiza mkwaruzo.

Siku ya mwisho, ingawa hatukujua kwamba ni ya mwisho, tulikuwa mimi na Springi. Askari wa mlangoni alikuwa ameshaanza kupita akigonga vitanda kwa funguo, wageni tokeni, muda umekwisha. Springi akainama. Tangu mdogo wake ajiunge hakuwahi kumuuliza. Siku hiyo aliivunja sheria yake.

"Habari yako, mdogo wangu?"

Redio alimtazama. Midomo ilikuwa mikavu, nikailowesha kwa kitambaa.

"Nzuri, kaka," akasema.

Springi akacheka. Alicheka vile alivyocheka Dereva juu ya ndoo, na mimi nikacheka, kwa sababu tulidhani mgonjwa wetu amepata nguvu ya kutania. Springi akamshika mkono, akaupigapiga. "Wewe mtu hutubu," akamwambia. "Haya. Kesho tutakaa." Askari akagonga tena kitanda kwa funguo, tukatoka. Barabarani Springi alirudia maneno yale kwa sauti ya mdogo wake, nzuri kaka, nzuri kaka, akicheka na kujifuta macho.

Hakukuwa na kesho. Redio alifariki asubuhi kabla hawajafungua mlango wa wageni.

Tulizika. Karakana nzima ilihamia nyumbani kwangu, sofa na viti vya wateja vikapangwa uani ili watu wapate pa kukaa, na mkalio wa mteja mmoja ukamwagikiwa chai ambayo mpaka leo haijatoka. Springi alipokea watu mlangoni. Kila aliyempa mkono alimwambia maneno yaleyale: "Ni ini tu. Lakini mdogo wangu amekufa akiwa anakaa." Watu wakasema, "Hilo ndilo la kushukuru, Fundi." Akaitikia, "Hilo ndilo." Niliona jinsi alivyolishika hilo jambo. Alikula kwa sababu yake. Alilala kwa sababu yake. Na mimi pia, nilipoamka usiku na kuupapasa upande ule wa kitanda, nilijiambia amekufa anakaa, nikapata kulala tena.

Tulirudi kazini. Tulikuwa hatujazoea bado kutomsikia akipiga msasa huku akiimba, pale alipoingia mtu na kusema kwa furaha, "Fundi! Leo ndiyo kesho!"

Alikuwa Bwana Kesho. Amekuja na mkokoteni wa kukodi na uso wa mtu anayetaka kusifiwa. Springi akampa hongera, akakifuta kiti vumbi. Nilisimama kwenye pazia nikiangalia. Nilikuwa nakionea uchungu, nikiona kama ndiyo mazishi ya pili. Wakakiinua, mmoja huku, mmoja kule, na Bwana Kesho akainama kuchungulia chini.

"Fundi, huku chini kitambaa kinaning'inia. Umesahau kumalizia?"

"Hapana," Springi akasema. "Mimi huwa simwachii mtu kazi nusu."

Wakakigeuza miguu juu. Kile kitambaa cheusi cha chini, kinachoziba springi, kilikuwa kimepigwa stapla pande tatu. Upande wa nne ulishikwa kwa pini. Pini za vichwa vya rangi, za kushonea. Pini zangu. Nilikuwa nimezitafuta wiki nyingi, nikamlaumu paka wa jirani.

Springi akazichomoa moja moja akazibana midomoni, kama ninavyofanya mimi. Akaingiza mkono kati ya springi. Mkono ulikaa mle ndani. Ulipotoka ulikuwa umeshika sponji iliyokunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, na ndani ya sponji ilikuwa chupa bapa. Sponji ilikuwepo ili isigonge. Pombe ilikuwa imefika nusu.

"Nini hicho?" akauliza Bwana Kesho, ambaye alikuwa anafunga kamba mkokoteni na hakuona vizuri.

"Sponji iliyozidi," Springi akasema. Akaikunja tena, akaiweka mezani. Akachukua stapla, akapiga upande wa nne, stapla moja baada ya nyingine, kwa mstari ulionyooka kabisa. Akasaidia kukipakia kiti. Akampungia mwenyewe mkono mpaka akakata kona.

Aliporudi ndani hakukaa. Alisimama mbele ya meza. Sponji ilikuwa imefunguka yenyewe, chupa iko wazi mbele yake, nusu yake imejaa. Nilimwona akiitazama. Sijui aliona nini. Mimi niliona Jumapili zote zile, mume wangu amekaa juu yake, anasema mbaya, nimeamka na kiu, na watu wanalia. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa kitini, nimekishonea kava kwa mikono yangu. Nilitaka kumtukana marehemu. Nilifungua mdomo kabisa.

Badala yake niliikamata chupa, nikatoka nayo uani, nikaimwaga ardhini mpaka tone la mwisho. Harufu ikapanda. Ndiyo, ilikuwamo ndani ya ile harufu ya vanishi, sasa kwa kuwa nilijua. Nilipoinua kichwa Springi alikuwa amesimama mlangoni.

"Aliniambia," akasema.

"Nani?"

"Aliniambia nzuri, shemeji. Mimi nikacheka. Nikaondoka."

"Tulifukuzwa. Muda ulikuwa umekwisha."

"Aliniambia, mimi nikacheka."

 Mimi, mwenye ulimi wa mkasi, nilisimama na chupa tupu mkononi. Akarudi ndani, akafungua kopo la gundi, akafanya kazi mpaka jioni bila kuinua uso. Hakuniambia ninyamaze, lakini nilijua kwamba hatawaambia wenzake. Wale wapya waliokuwa wanarudi kwa ajili ya Redio, angewaambia nini?

Jumapili ikafika. Madirisha yalikuwa wazi. Mimi nilikuwa chumba cha mbele na cherehani yangu, nashona foronya zilizokuwa zimechelewa, nikiwasikia wanaingia mmoja mmoja. Waliona pengo pale kilipokuwa kiti, wakatania kwamba ukoo umepoteza urithi. Dereva akasema, kwa kuwa mwenzetu ndiye mwenye msiba, leo tuanze na yeye.

"Habari yako, Fundi?"

"Nzuri," Springi akasema.

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Mama Nesi. Halafu Dereva, kile kicheko chake kikubwa cha kwenye ndoo. Walifurahi, maskini, walidhani mwenzao ameanza kupata nafuu, anatania kwa neno lake mwenyewe.

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali. Nilikuwa nakijua kicheko kile, nimeshakicheka.

Sikuwahi kulivuka lile pazia Jumapili, hata kwa kupeleka chai. Nilinyanyua stuli yangu ya cherehani. Mguu wake mmoja ulikwaruza sakafu, kicheko kikapungua. Nikapita katikati yao, nikaiweka stuli mbele ya shemeji yangu, nikakaa. Kwa karibu nikasikia harufu, na safari hii haikuwa ya vanishi, ilikuwa ya pombe.

"Haya," nikasema. "Tunakaa."

Hakuna aliyecheka tena. Dereva akavuta kiti chake, na wengine wakavuta vyao. Springi alinitazama, akainamisha macho kwenye magoti yake.  Tukakaa.